Swichi za Prisca

Vijana wa chumba cha kompyuta waliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Saa inachelewa kwa dakika nne, nimewasamehe. Waliniomba pia niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, kwa sababu, kama alivyosema mmoja wao, "Mzee Mosha, mambo mengine yamo kichwani mwako tu." Ni kweli. Hospitali yetu ya misheni, huku juu ya Mwika, ilikuwa na kompyuta kabla haijawa na mtu wa kuzielewa, na mtu huyo akaja kuwa mimi. Vyeo nitaviruka. Najua mnachotaka kukisikia ni habari ya Prisca. Nimeisikia kantini ikisimuliwa kwa namna tatu, na zote hazikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwepo.

Nilimaliza darasa la saba nikaondoka nchini na begi moja. Durban niliosha magari, kisha nikafagia karakana ya kutengeneza kompyuta ya mzee mmoja aliyeitwa Bwana Govender, na nikafagia miezi saba kabla hajaniruhusu kushika bisibisi. Stashahada niliisomea nikiwa nafanya kazi hapohapo. Ninayo moja tu, na sijaona haja ya nyingine. Wenye digrii mbili wamenipigia simu kutoka Moshi mjini wakiniuliza kwa nini printa haichapi. Huwa nawauliza kwanza kama wameichomeka kwenye umeme, na kwa miaka yote hiyo swali hilo limetatua karibu nusu ya matatizo yao.

Bwana Govender alinifundisha kitu kimoja nilichokifanya mpaka siku ya mwisho. Nyuma ya kila mashine alibandika utepe mweupe, akaandika kwa kalamu ya wino mzito alichokigusa na siku aliyokigusa. Alisema fundi asiyeandika hutengeneza kitu kilekile mara mbili na kukipongeza kichwa chake mara zote mbili. Mkigeuza mashine yoyote ya hospitali mtauona mwandiko wangu. Zimo pia habari ambazo afadhali nisingeziandika, lakini utepe ni utepe.

Niliporudi nchini, siku yangu ya kwanza hapa nilionyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya kahawa. Harufu ilikuwamo bado, na ukungu uliingia dirishani kama mtu wa nyumbani. Mashine zilikuwa thelathini na moja, za msaada, kila moja na umri wake. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa brashi ya rangi ya inchi mbili. Kiangazi vumbi jekundu huziba feni, na masika kitu cheupe kama unga huota ndani ya soketi. Mnacheka brashi yangu. Siku feni ya masjala itakaposimama mtaitafuta.

Niliweka mfumo huria kwenye mashine zote, ule usiohitaji leseni. Ni mfumo mzuri lakini deskitopu yake ilikuja tupu kama ukumbi uliofagiliwa. Wauguzi walilalamika. Mmoja alitaka kalenda, mwingine kitufe cha kuzimia, mwingine orodha ya mafaili upande wa kushoto. Vitu hivyo viliongezwa kwa programu ndogondogo ambazo kazini tuliziita ekstensheni. Hapa nitaziita nyongeza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipokuwa. Nyongeza ziliweza kuwekwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni fundi kuzunguka mashine moja baada ya nyingine, kuingiza nenosiri lake, kuweka, na kuandika kwenye utepe. Ya pili ni kwa kupitia kivinjari cha mtandao. Unafungua ukurasa, unaona picha ya kila nyongeza, na pembeni yake swichi ndogo. Ukiisukuma inakuwa ya bluu, na hapohapo kitu kinatokea kwenye deskitopu yako. Hata mtu asiyejua kusoma angeweza.

Lakini kivinjari kimejengwa kama kaunta ya benki yenye kioo. Unaongea na mtu wa upande wa pili, na mkono wake haufiki mfukoni mwako. Ili ukurasa wa mtandaoni uweze kugusa deskitopu, ilibidi kioo kitobolewe. Waliotengeneza mfumo ule walikitoboa kwa uangalifu: kijiprogramu ndani ya kivinjari, kingine ndani ya mashine, vinapeana ujumbe kupitia tundu moja. Ukitaka kuweka nyongeza mpya, mashine inakuuliza kwanza kama una hakika. Ukitaka kuzima au kuwasha iliyomo tayari, haikuulizi chochote. Walidhani kuzima hakuna hatari, na mimi nilidhani hivyohivyo. Ukikosea utawasha tena.

Kulikuwa na jambo jingine, kisanduku kimoja cha kutia tiki. Ukikitia tiki, mashine zote zilizoingia kwa akaunti moja zinafanana. Swichi ikisukumwa hapa, inasogea kule.

Nilimweleza Sista Klementina, metroni wetu, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kuliko wauguzi wake wote.

"Kwa hiyo nikibonyeza hapa masjala, wodi ya wazazi itabadilika?"

"Ndiyo, Sista. Zote."

"Na wao wakibonyeza?"

"Nanyi huku mtabadilika."

"Hilo ni zuri au ni baya?"

"Ni rahisi, Sista."

"Sikukuuliza kama ni rahisi, Fundi."

Ningeweza kuipa kila idara akaunti yake. Ningeweza kuzunguka na nenosiri langu. Majengo yetu yameshikilia mteremko, ngazi zinateleza, na mimi nilikuwa mmoja. Lakini sitasema nililazimika. Ukweli ni kwamba nilipenda kusimama masjala mbele ya wageni, kusukuma swichi moja, na kuwaonyesha maabara ikibadilika ng'ambo ya bustani. Nilitia tiki.

Kisha nikafanya kitu ambacho bado najivunia, pamoja na yote. Nilitengeneza nyongeza yangu mwenyewe. Ilikuwa mstari mwembamba juu ya kila skrini, unaosoma joto la jokofu la damu kule maabara. Jokofu likiwa salama mstari ulikuwa kijani. Likipanda joto ukawa mwekundu, na skrini zote za hospitali zikawa na paji la uso jekundu. Hakuna aliyenifundisha. Nikauweka kwenye ukurasa uleule, na swichi yake, chini ya nyingine.

Prisca alikuwa karani wa masjala. Ndiye niliyemfundisha wa kwanza, kwa sababu alielewa kabla sijamaliza sentensi. Kila asubuhi saa moja na nusu alikuwa kitini, anasukuma swichi ya picha ya mlima, na saa anaihamishia pembe ya kushoto.

"Prisca, mlima wenyewe uko dirishani," nilimwambia.

"Shikamoo, Mzee Mosha. Wa dirishani una ukungu. Huu wangu hauna."

Aliishi na mama yake, Bibi Veneranda, kwenye kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, mwendo wa dakika ishirini kupanda. Alikuwa na laptopu yake mwenyewe. Mwisho wa mwezi alipenda kumalizia taarifa nyumbani, kwa hiyo nikamwekea kila kitu kama cha ofisini: mfumo uleule, akaunti ileile, ukurasa ule wa swichi ukifunguka wenyewe, na modemu yenye laini ya hospitali. Nyuma nikabandika utepe.

Aliugua wiki mbili akafa. Hata hospitali yetu wenyewe haikumsaidia. Tulimzika kihambani kwao, katikati ya migomba, karibu na mfereji, na maji yalisikika muda wote padri alipokuwa anasoma.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwepo. Ukoo ulikaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapita, na vitu vya marehemu vikagawiwa mbele ya watu wote, kama tunavyofanya. Vitenge kwa shangazi, viatu kwa binamu, na laptopu ikawekwa mapajani mwa Bibi Veneranda. Msimamizi akauliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa na neno. Nilijua ndani ya kile kitu kulikuwa na mlango wa hospitali nzima. Lakini nani anasimama kwenye matanga kudai kitu kutoka mapajani mwa mama aliyefiwa? Nilijiambia kwamba bibi wa miaka themanini hataifungua. Nikapokea kibuyu changu nikanywa.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, picha ya mlima ilitokea kwenye skrini zote za masjala. Kisha saa ikasogea yenyewe kwenda pembe ya kushoto.

Kulikuwa na watu watano, na wote watano waliangalia kiti kile. Niliizima picha kwa mkono wangu, nikasema ni virusi. Kesho yake, saa moja na nusu, ikarudi.

Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilipiga brashi, nilisafisha, niliweka vivinjari upya, nilibadilisha nyaya zisizohusika. Ikarudi kila siku ya kazi, na kila siku niliizima. Watu huzoea. Baada ya wiki mbili karani mmoja alikuwa akiona mlima anasema tu, "Prisca amefika," na wengine wanaitikia, "Karibu," bila kuinua macho. Ilinisumbua kuliko woga. Siku moja mwezi ule niliingia mapema peke yangu. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka ukumbini, na masjala kulikuwa na mashine moja iliyowaka. Mlima ukaja. Nikasukuma swichi kuuzima. Baada ya kama dakika moja swichi ikarudi kwenye bluu mbele ya macho yangu, taratibu. Nikaizima. Ikarudi. Mimi ni mtu mwenye stashahada. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka wenzangu, waliocheleweshwa na ukungu, walipofika.

Mtaniuliza kwa nini sikukumbuka laptopu. Nilikumbuka. Ila kila nilipokumbuka niliona mapaja ya yule mama, na nikatafuta sababu nyingine.

Kisha ikaja siku ya wodi ya wazazi. Nilikuwa Mabogini kwenye ofisi ya wakulima wa mpunga, nikiwatengenezea kompyuta na, nakiri, nikiwasimulia habari za mstari wangu wa kijani. Huku juu umeme ulikatika asubuhi ukarudi, na jokofu la damu halikuwaka tena. Joto likapanda kutwa. Hakuna aliyejua, kwa sababu mstari haukuwa mwekundu. Haukuwepo kabisa. Swichi yake ilikuwa imezimwa tangu saa moja na nusu, kwenye mashine zote. Macho yaliyozoea kijani hayakuona kwamba hakuna rangi yoyote. Kumbukeni hilo mkitengeneza king'ora chochote: wangu, usipokuwepo, ulifanana na usalama.

Alasiri mama mmoja alijifungua akaanza kutoka damu. Walikimbilia jokofu, wakakuta mifuko ina uvuguvugu. Haikufaa. Sista Klementina alilala yeye mwenyewe kitandani akatoa damu, kisha dereva, kisha mume wa yule mama, naye akiwa ameshikwa kizunguzungu hata kabla ya sindano. Mama alipona. Niliporudi nilimkuta Sista amekaa ofisini kwangu, mkono umefungwa pamba, anakunywa chai yenye sukari nyingi.

"Wauguzi wangu wanasema ni Prisca," alisema.

"Si Prisca, Sista."

"Mimi nimesali. Sasa wewe fanya ya kwako. Leo yule mama angekufa. Kama kesho hujaniambia ni nani anayezima, nazing'oa zote, turudi kwenye daftari."

Nilifungua akaunti nikatazama orodha ya mashine zake. Ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Zilikuwa thelathini na mbili. Ya mwisho niliipa jina mwenyewe, kwa herufi kubwa: PRISCA. Chini yake iliandikwa ilipoonekana mara ya mwisho. Leo, saa moja na nusu.

Kuikata kungenichukua dakika tano. Ningeiondoa kwenye orodha pale pale, na kule juu ukurasa ungefungwa wenyewe. Niliweka mkono kwenye kibodi nikautoa. Nilitaka kwanza kujua ni nani. Lakini jambo la damu halikungoja. Jioni ile niliuhamisha mstari wa jokofu kutoka kwenye ukurasa ule, nikauweka ndani ya mfumo wenyewe kwa nenosiri langu, mashine kwa mashine, thelathini na moja, kwa miguu. Ngazi ziliteleza. Tangu siku hiyo hakuna kivinjari chenye mkono juu yake, na usipopata taarifa za jokofu unakuwa mwekundu wenyewe.

Asubuhi nilikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba langu. Kwetu mtu aliyekosa akienda na jani hilo mkononi, aliyekosewa hamfukuzi. Niliokutana nao njiani waliliona wakanipisha bila kuniuliza ninakwenda wapi.

Bibi Veneranda alikuwa jikoni anapuliza moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umebeba sale, fundi? Umekosa nini?"

"Nimekuja kukuambia. Lakini kwanza, Bibi, ile kompyuta ya Prisca unaitumia?"

"Siitumii. Ninaongea naye."

Alinipeleka chumbani kwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Laptopu ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, imewaka, na modemu inapepesa pembeni. Ukurasa wa swichi ulikuwa wazi. Kando ya laptopu kulikuwa na kikombe cha maziwa, yakitoa mvuke bado.

"Asubuhi, ile saa ambayo angekuwa ameshafika kazini, ninafungua," alisema. "Aliwahi kunionyesha. Hiki cha mlima ndicho alikuwa anaanza nacho, halafu hiki cha saa. Ninabonyeza hivi, kinakuwa cha rangi. Halafu ninakaa. Kidogo tu, kinarudi chenyewe. Siku nyingine ninabonyeza tena, kinarudi tena. Mimi sijakigusa. Ni yeye ananijibu."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Ukungu ulikuwa umesogea mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, na nje niliweza kuona mgomba mmoja tu na msalaba. Miezi ile yote kule masjala tulikuwa tukiogopa mkono wa Prisca, na huku mama yake alikuwa anaupokea. Mkono ulikuwa wangu. Kila mlima niliouzima kwa hasira, ulimfikia huyu bibi kama salamu.

"Jana," nilisema, "ulibonyeza vyote?"

"Vyote. Ilikuwa siku ya misa yake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia." Alinyoosha kitambaa. "Jana hakujibu kutwa nzima. Nikajua nimemuudhi."

Nikampa jani. Nikamweleza, polepole, mchanganyiko wa Kiswahili na Kichagga, habari za akaunti, na mstari wa damu, na yule mama wa wodini, na Sista aliyelala kutoa damu. Nikamwambia nilikuwepo siku ya matanga nikanyamaza. Mwisho nikamwambia, "Anayejibu ni mimi, Bibi. Ninazima tu, kule ofisini. Sikujua."

Aliligeuzageuza lile jani mkononi. Nilisikia mfereji.

"Yule mama alipona?"

"Alipona. Na mtoto."

"Damu iondoe humu."

"Nimeshaiondoa."

"Aika, mbe." Alishukuru kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye niliyesamehe. Kisha akauliza, "Na Jumapili?"

"Jumapili nini, Bibi?"

"Jumapili pia unakwenda ofisini kunijibu?"

"Jumapili masjala inafungwa. Mimi nakuwa kanisani, halafu nyumbani."

"Haya." Alitazama skrini. "Maana Jumapili ndiyo anajibu upesi."

Nilimwambia huenda ni muuguzi wa zamu. Alisema huenda. Nilimwambia nitachunguza, kwa sababu hilo ndilo jambo fundi husema akiwa hana la kusema.

Kisha tukapanga. Nilimwambia naweza kuacha mashine yangu moja kwenye akaunti, na kila asubuhi nikawa namjibu, sasa kwa kujua. Ingekuwa kazi ya nusu dakika. Nilidhani nimetoa zawadi.

"Usinijibu tena," alisema. "Zitoe zote za kwenu. Ibaki hii."

"Bibi, ikibaki hii peke yake, hakuna atakayeizima. Utabonyeza, itabaki hivyohivyo."

"Ndiyo nataka nione."

Niliporudi hospitali nilisoma kumbukumbu za mashine zote, Jumapili kwa Jumapili. Mashine za masjala zilikuwa zimezimwa. Za wodini zilikuwa zimepokea amri ya kuwasha mlima, na baadaye amri ya kuuzima. Hakuna iliyotuma ya kuzima. Nilisoma mara mbili, mara ya pili nikifuata mistari kwa rula. Kisha nikazitoa zote thelathini na moja kwenye akaunti ile, nikaipa kila idara ya kwake, na nikaandika kwenye tepe. Sista Klementina nilimweleza kila kitu isipokuwa Jumapili. Alisema mashine zibaki. Kiti cha Prisca alikiombea, na Jumatatu karani mpya akakikalia.

Mlima haukutokea tena hospitalini. Baada ya muda kuna waliosema wanaukosa.

Wiki ya pili, jirani wa Bibi, mama anayetuletea maziwa kantini, alisimama mlangoni kwangu na madumu yake.

"Fundi, Bibi Veneranda amenituma. Kasema nikuambie, Jumapili imejibu. Kasema wewe utaelewa."

"Amesema saa ngapi?"

"Kasema upesi."

Nilifungua orodha ya akaunti. Ilikuwa na mashine moja. Nilibadilisha nenosiri mimi mwenyewe siku ile nilipozitoa nyingine, nikaiacha laptopu ile pekee ndani, na sikulitamka hata kwa Sista. Majibu yamo ndani ya laptopu ile. Mashine huandika kila swichi na mkono ulioisukuma, na mimi ningepanda kilima nikasoma kwa dakika kumi. Labda bibi anabonyeza mara mbili anasahau. Labda ni hitilafu ya ukurasa. Nilivaa koti. Nilifika kwenye geti. Mlinzi akaniuliza kama ninatoka, nikamwambia nilikuwa naangalia mvua. Katika kazi yangu yote, hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashine pekee ambayo sikuisoma.

Manenosiri yote ya hospitali yamo kwenye bahasha ya kahawia, droo ya pili. La akaunti ile halimo. Mkija kukagua laini za mtandao mtakuta moja ambayo haina mashine yoyote hospitalini, na kijana mwenye bidii atataka kuifunga. Bibi bado yupo, na maziwa bado anayachemsha saa moja na nusu. Iacheni hiyo laini.